Vitu Alivyoazima Mama Bienvenu

Wiki iliyopita jirani yangu aliunguza sombe. Harufu ikaruka ukuta, ikaingia chumbani kwangu bila hodi, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama, mikono nimeikunja kifuani, kama mtu anayengoja kugombezwa na ambaye ameshaamua kutosikia. Majani ya muhogo yakishika chini ya sufuria, wengine hukumbuka bibi zao, wengine hukumbuka njaa. Mimi hupandwa na ubishi. Sitaomba radhi kwa hilo. Ubishi huo niliupata kwa jasho, nikiwa bado mfupi kiasi cha kuingia kichwa kizima ndani ya sufuria ninalolisugua.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kisangani mnajua jinsi tulivyoishi. Sisi tulikaa Kabondo, katika parseli moja, yaani kiwanja kimoja chenye nyumba tatu, kisima kimoja na choo kimoja. Nyumba ya mbele ilikuwa ya Koko Zaina, bibi mwenye parseli, mjane Mwislamu ambaye mababu zake waliingia mjini na misafara ya biashara na ambaye hakuacha mtu asahau. Ya katikati tulipanga sisi. Papa alikuwa fundi wa baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria, na mama aliuza mawese kwa chupa mbele ya lango. Tulikaa pia na binti wa shangazi yangu, msichana mkubwa niliyemwita yaya, yaani dada, Riziki. Ya nyuma alipanga Mama Bienvenu na mumewe, karani wa ofisi huko Makiso, pamoja na wavulana wao wanne.

Jumapili tulipika moto mmoja. Kuni na makala, yaani makaa, havikuwa rahisi, na watu wote walikuwa nyumbani. Koko aliswali Ijumaa, sisi tulikwenda misa Jumapili, lakini matumbo yetu yalikuwa ya dini moja. Kila nyumba ilileta ilicho nacho: mchele, samaki wa moshi, ndizi za kutwanga lituma, majani ya muhogo, mawese ya mama. Vyote vilipikiwa kwenye masufuria ya Koko, na lililo kubwa kuliko yote, la sombe, sisi watoto tuliliogopa kidogo. Wanaume walikaa kwenye benchi karibu na kisima, wanawake kwenye mikeka, na sisi watoto tulizunguka beseni moja, tukipigana viwiko. Nawaambia kweli, sijawahi kula chakula kitamu kama kile tena. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Nasema ili mjue nilichokuwa tayari kukipoteza.

Baada ya kula kulikuwa na kuosha, na kuosha kulikuwa na sheria ya Koko. Zamu ilikwenda kwa nyumba. Nyumba yenye zamu iliosha kila kitu, sahani za watu wote na masufuria yote, na nyumba isiyoosha haikula tena. Haikuwa maneno tu. Mpangaji aliyekaa kabla yetu alianza kutolewa kwenye sufuria, halafu akatolewa kwenye nyumba. Papa alitusimulia habari zake mara nyingi, kwa sauti ya chini, kila mara kodi ilipokaribia.

Sheria ilikuwa na kipande cha pili. Nyumba isiyo na msichana iliazima msichana kwenye mlango unaofuata. Kwa Koko kulikuwa na wajukuu wa kike, hivyo nyumba isiyo na msichana ilikuwa moja tu, ya Mama Bienvenu, na mlango unaofuata ulikuwa wetu.

Mama Bienvenu alikuwa na mgongo. Sijui kama ninyi mmewahi kuona mgongo wa aina ile. Jumatatu hadi Jumamosi ulibeba ndoo na magunia ya makala bila kulalamika. Jumapili baada ya chakula ulikufa. Mumewe alikuwa karani, na karani haoshi sahani hata akiwa peke yake duniani. Wavulana wake walikuwa na mikono minane yenye afya, ambayo saa ile ilikuwa inadaka mpira barabarani. Basi zamu yetu aliosha yaya Riziki, na zamu yao aliosha yaya Riziki, nami nilikuwa nammwagia maji na kumletea majivu.

Mliowahi kusugua sufuria la kuni mnajua kazi yake. Unachanganya majivu na mchanga, unakunja jani kavu la mgomba, unasugua mpaka mabega yanawaka moto. Mawese yakipoa huganda, yakashika kwenye kucha na chini ya pete, na harufu yake hukaa mkononi mpaka Jumanne. Masizi ya nje hayaishi kamwe. Unayapunguza tu, kwa heshima ya mwenye sufuria.

Sasa nieleze akili yangu ya wakati ule, maana watu waliniita mjinga na mimi nakataa. Mama Bienvenu alipenda kuazima. Alianza na chekeche letu la unga. Halafu akaazima mchi. Halafu beseni la bluu ambalo mama alilileta kutoka kwao. Hakuna kilichorudi. Siku moja mama alinituma kuufuata mchi, Mama Bienvenu akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

“Muchi gani? Hii iko yangu tangu zamani.”

Nilirudi mikono mitupu, na mama akasema, “Acha, ni jirani.” Nikajifunza kwamba kitu kikivuka kizingiti cha Mama Bienvenu kwa kuazimwa, kinakaa kidogo, kinazoeleka, halafu kinakuwa chake.

Kisha wakamchukua yaya Riziki. Mama Bienvenu alikuwa na mdogo wake wa kiume, mjomba tuliyemwita tonton Jérôme, mfanyabiashara wa mchele huko Bengamisa. Akishuka mjini na magunia yake alikula kwetu Jumapili, na baada ya kula hakwenda kukaa na wanaume. Alibaki karibu na masufuria, akizungumza habari za mvua na barabara. Kiangazi kilipofika watu wazima walivaa vizuri, mbuzi wakafungwa kwenye kisima, vitambaa vikafunuliwa na kukunjwa tena. Yaya Riziki akaondoka amekaa nyuma ya pikipiki ya tonton Jérôme, amevaa viatu vipya, na mapajani amepakata sufuria jipya kubwa, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa kisirukeruke. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama Bienvenu akaniwekea mkono begani, mzito, wa upendo.

“Usilie, mama. Sasa ni wewe. Zamu yetu ikifika, utakuya kwangu.”

Alikuwa anazungumzia sahani. Mimi nilisikia hukumu. Chekeche, mchi, beseni, yaya Riziki, mimi. Kama ninyi mngekuwa na macho yangu na miaka yangu, mngehesabu namna nyingine? Msichana anaazimwa kuosha, anaosha na kuosha, wanamzoea, halafu wanampa sufuria lake na pikipiki. Nilikwenda mbali zaidi nikatafuta nitakuwa wa nani. Wakubwa watatu walikuwa na ndevu za kwanza na hawakuniona. Alibaki Trésor, wa mwisho, wa umri wangu, mwenye pua isiyokauka mvua wala kiangazi.

Nikaosha zamu yao ya kwanza kwa hofu, peke yangu, mama akinisaidia kulilaza sufuria kubwa ubavu ili niingie. Mle ndani sauti za watu zilikuwa mbali, na kwa muda niliamini nimeshachukuliwa. Nilipotoka, Trésor alikuwa amesimama na kipande cha muwa. Akaninyooshea. Nikakirusha juu ya ukuta. Nilijua mahari huanzaje.

Zamu iliyofuata niliosha vibaya makusudi, niliacha punje za wali kwenye sahani na mafuta kwenye vifuniko, nikitumaini wataniona sifai. Mama Bienvenu alipitia bila kuangalia, akasema mbele ya wote, “Ule mutoto atapita yaya yake.” Usiku ule nilimuuliza mama kama Bengamisa ni mbali. Akasema si mbali sana. Hakunisaidia.

Zamu ya tatu ndiyo ninayotaka kuwasimulia. Siku hiyo sombe ilishika chini. Koko alikuwa amechelewa kuigeuza, na kiwanja kizima kilinuka ule uchungu wa majani yaliyoungua. Tulikula hivyo hivyo. Wavulana wakafuta midomo, wakachukua mpira. Mama Bienvenu akashika kiuno.

“Mama, unipe mutoto anioshee. Mugongo inaniuma.”

“Siendi,” nikasema.

Sikusema kwa nguvu, lakini wanaume kwenye benchi waligeuza shingo. Mtoto wa parseli ile hakuwa na neno hilo.

“Umesema nini?” Koko Zaina aliuliza.

“Siendi kuosha kwa Mama Bienvenu. Batoto yake iko na mikono.”

“Batoto wanaume hawaoshi masufuria, we mutoto. Nani amekufundisha maneno ile?”

Papa aliinuka nusu. Alikuwa mtu mpole, na alipoona haya masikio yake yalibadilika rangi. “Enda uoshe,” aliniambia. “Usitupatishe haya mbele ya batu.” Nilijua anafikiria mpangaji aliyetutangulia. Nilishika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, nikaishika kwelikweli, na kwa kuwa niliona nimeshapotea, nikatoa yote.

“Nikiosha nitabaki kule. Yaya Riziki aliosha, hakurudi. Mi sitaki Trésor.”

Mungu wangu, walivyocheka. Koko alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Karani wa Makiso alipiga goti lake. Papa naye alicheka, kwa nafuu, maana jambo lilikuwa limegeuka mchezo wa mtoto. Wavulana walirudi langoni kuuliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakaanguka chini kwa kicheko, isipokuwa Trésor, ambaye alilia. Mimi sikuiacha nguzo. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilitamani inimeze pamoja na nguzo.

Mama hakucheka. Alikuwa anakusanya sahani zetu, na alizikusanya zote kwanza.

“Mutoto hajakosea,” alisema.

“Eh, mama,” papa alisema, bado anatabasamu. “Iko mutoto tu, alisikia vibaya.”

“Mimi waliniazima.” Aliongea taratibu, kama anayeeleza bei ya mawese kwa mteja mgeni. “Nilikuwa kwa tante, shangazi yangu, parseli ya pembeni na ya mama yako. Mama yako alizaa batoto wanaume tupu. Kila fête, kila sikukuu, nani alikuwa anaoshea batu yenu? Nilikuwa kwenye sixième, mwaka ya mwisho ya shule ya primaire. Siku moja mama yako akasema, ule musichana anaosha muzuri, abaki tu. Mpaka leo hakuna mutu amenirudisha.”

Papa alitazama huku na huku. “Hapa si mahali ya kusema ile.”

“Alors mahali iko wapi? Iko hapa. Niko naangalia mutoto yangu anapita njia ile ile.”

Hakuna aliyecheka tena. Koko alijifunga mtandio upya. Hakuwa mwanamke mbaya, ila sheria ilikuwa mali yake kama masufuria yalivyokuwa mali yake. “Bon,” alisema. “Nyumba isiyoosha haikuli.”

“Zamu yetu tumeosha yote,” mama akajibu. “Hii iko yao. Kama ni vile, hatutakula.” Akachukua sahani zetu, akaniita, nikaachia nguzo. Viganja vyangu vilikuwa na alama za mbao.

Naomba niseme ukweli wote, hata ule usionisaidia. Miaka mingi baadaye nilikwenda Bengamisa nikamweleza yaya Riziki hofu yangu. Alicheka akashika mbavu. Kumbe yeye na tonton Jérôme walikuwa wamependana kwenye masufuria yale, na alikuwa anaomba zamu ya Mama Bienvenu ifike haraka. Basi kuhusu Riziki nilikosea kabisa. Lakini wapo mpaka leo, hata katika ukoo wetu, wanaonikumbusha kisa hiki kwenye sherehe kama kichekesho cha mtoto aliyemkataa Trésor. Wengine husema tangu siku ile umoja wa parseli ulivunjika. Na uvunjike, kama ulikuwa umefungwa kwa mikono ya watoto wa kike tu. Nimewajibu hivyo mara nyingi, na nikialikwa kesho nitawajibu tena.

Wiki ile sufuria kubwa lililala mbele ya mlango wa Mama Bienvenu bila kuguswa. Nzi walilipata, halafu sisimizi, halafu mvua ikanyesha ndani. Koko alipita mara kwa mara akilitazama lile, akitutazama sisi, na mama aliendelea kupima mawese. Sahani chache Mama Bienvenu aliziosha mwenyewe, akiguna. Sufuria hakuligusa. Papa alitengeneza baiskeli mpaka giza, akala, akalala. Nililala nikijua kwamba tukifukuzwa itakuwa kwa ajili yangu, na nitawaambieni kitu cha ajabu, sikujuta. Niliogopa sana na sikujuta, vyote viwili kitandani pamoja.

Katikati ya wiki nilikwenda chooni asubuhi nikamkuta Bienvenu mwenyewe, yule mkubwa mwenye ndevu, amejificha nyuma ya ukuta na lile sufuria katikati ya magoti. Alikuwa analikwangua kwa kijiko. Aliponiona aliweka kidole mdomoni nisiseme. Sikusema, lakini nilisimama pale nikamtazama mpaka alipomaliza. Jioni sufuria lilikuwa kwenye baraza la Koko, na Koko hakuuliza nani ameliosha. Habari ya kututoa nyumbani haikuzungumzwa, si wiki ile wala nyingine.

Jumapili ilipofika, mama hakupeleka mawese. Aliwasha mbabula yetu, jiko dogo la makala, kwenye kizingiti chetu, wazi, mbele ya macho yote, akapika wali na samaki wawili wadogo. Upande wa kisima moto mkubwa uliwaka kama kawaida. Harufu ya lituma ilinijia nikameza mate. Mama aliniona nikimeza, akaniongezea samaki.

Papa alikuwa amesimama katikati ya kiwanja na kigoda chake mkononi. Kwenye benchi walikuwa wamemwachia nafasi, karani akaipigapiga kumwonyesha. Koko alishika mwiko juu ya sahani aliyomwekea papa, anangoja. Mama hakumwita. Hakumtazama hata kidogo, aligeuza makala kwa kijiti. Mimi ndiye niliyemtazama, na nilielewa, bila mtu kuniambia, kwamba tangu siku ile waliposema mama abaki tu, papa hakuwahi kuulizwa akae upande gani.

Akaja. Alitembea polepole, akaweka kigoda karibu na mbabula, akakaa. Chakula kilikuwa kidogo na papa alikisifu mara mbili, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Tulipomaliza, mama alisogeza beseni la maji mpaka likagusa vidole vya miguu ya papa, akaweka sahani zetu tatu ndani, akarudi kukaa. Benchi zima lilikuwa limegeuka. Mama Bienvenu alikuwa amesahau mgongo wake, amesimama wima. Papa alitazama maji. Kisha akakunja mikono ya shati, akachukua majivu kidogo kwa vidole vyeusi vya grisi vinavyoweza kufungua mnyororo wa baiskeli gizani, na akaosha sahani ya kwanza jinsi mtu anavyopapasa mnyama asiyemjua. Akamnyooshea mama.

Mama aliipokea. Akapitisha kidole katikati, akakitazama kwenye mwanga, akakisugua na kidole gumba. Akamrudishia sahani.

“Rudia,” alisema.

Papa akarudia.